Tarakimu ya Mwisho

Kijana anayeelekeza magari pale Biashara
anaitwa Nyamawi, na neno lake ni moja: lete.
Lete, lete, lete, mkono ukipunga kama anafukuza nzi.
Neno lake la pili, basi,
huja baada ya kishindo.

Siku hiyo kishindo kilinikosa.
Nilikuwa dukani kwa Taibali, tukibishania trei za mayai,
deni la wiki mbili na udhuru wa wiki tatu.
Natoka, jua liko utosini,
leso zimening'inia milangoni zikisema yake kila moja,
na bampa la Probox yangu limebonyea
kiasi cha kikombe cha kahawa.
Kando ya kibonyeo, mstari wa manjano,
mrefu kama kidole cha kati.

Nyuma nilibakiwa na trei saba.
Nilipapasa yai baada ya yai. Hakuna lililotiwa ufa.
Aliyenigonga aligonga kwa adabu.

Chini ya waipa, risiti ya duka la vitambaa,
na mgongoni mwake mwandiko wa mbio:
Nimekugusa. Nisamehe, nina mgonjwa garini. Nipigie.
Kisha nambari.
Tarakimu tisa zimesimama wima kama watoto wa paredi;
ya kumi imelowa.
Nyamawi alikuwa ameinama kuisoma, dafu mkononi.
"Ni tatu," akasema. "Au nane.
Au pale alitia nukta tu."

Usiku, nyumbani Kisauni, nilianza na sifuri.
Sifuri haipatikani.
Moja, mama mmoja wa Bungoma, aliyefurahi kupigiwa,
akaniuliza kama kwetu mvua imefika.
Mbili alikata. Nikarudia. Akakata.
Tatu: "Gari? Mimi nilikuwa na baiskeli,
na hiyo yenyewe wameiba."
Nne, mtoto, baba ameenda kuoga.
Tano, muziki, kelele, halo, halo.
Sita, mwanamume mwenye sauti ya kutolala:
"Si mimi, ndugu. Lakini kama usiku huu
unatafuta mtu wa kumsamehe, nisamehe mimi."
Akanyamaza kwenye laini, akingoja.
Nikamwambia nimesamehe.
Akashukuru. Kosa lake silijui.

Nikaiweka simu chini.
Maana Ramadhani iliyopita, Bondeni,
dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi,
mji mzima una haraka ya tende,
nilirudi nyuma bila Nyamawi, bila lete, bila basi,
nikasikia kitu kikilia krrr.
Mlango wa Vitz nyeupe.
Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto.
Kalamu nilikuwa nayo, imechomekwa sikioni.
Karatasi nilikuwa nazo, daftari zima la madeni ya watu.
Nikaondoka.
Viazi vya nazi usiku ule mke wangu alivitia chumvi mara mbili,
na mara zote mbili nilisema havijakolea.

Fundi Mwinyi wa Makupa alilizunguka gari akinusa bei.
Elfu tatu na mia tano, akasema,
napiga puti, napaka rangi,
itakuwa kama haijawahi kutokea.
Nikamwambia: nyoosha kibonyeo.
Manjano yaache.
Akanitazama kama mtu anayelipa kinyozi
na kumwambia amwachie nywele.

Kuna Vitz, sijui wapi, ina kijivu changu mlangoni.
Kuna gari la manjano lenye kijivu changu pia,
na hilo angalau limeandika.

Leo nimerudi Biashara. Taibali amelipa nusu.
Lete, anaita Nyamawi, lete, lete,
nami nakanyaga breki kabla ya basi yake,
bado kiganja kimoja kufikia gari la nyuma.
Ananuna; nimemnyima kazi.
Ndani ya dashibodi iko risiti ile,
kalamu niliyoitoa sikioni,
na saba, nane, tisa,
ambazo sijazipigia.